Gofu, Hame na Pagale

Mwaka 1981 Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Jina lililoandikwa kwa Kiingereza, ambalo linatumika hadi leo, ni "Ruins of Kilwa Kisiwani and Ruins of Songo Mnara". Neno moja limetajwa mara mbili ndani ya jina moja, kila kisiwa na ruins zake. Kiswahili kimelipokea bila ubishi: Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Ndivyo tunavyoandika, na ndivyo wanavyosema wanaotembeza wageni kutoka Kilwa Masoko. Tafsiri yenyewe haina kosa. Lakini neno huja na jicho la watu waliolizoea, na kwa Kilwa jicho hilo ndilo lililoamua kipi kihesabiwe, kipimwe na kuzibwa nyufa, na kipi kipitwe. Kwa hiyo naliona jambo hili kuwa zito kuliko swali la kamusi, na nataka kuliweka neno la Waingereza mbele ya maneno ya mapokeo mawili yaliyo karibu zaidi na pwani hii: ya Waarabu, na yetu wenyewe.

Kwa Mwingereza, ruin ni neno la kila siku, la jikoni na la mitaani, kabla ya kuwa neno la mambo ya kale. Chumvi ikizidi kwenye mchuzi, analitumia. Mvua ikiwakuta watu harusini, neno ni hilohilo. Kamari ikimmaliza mtu mali yake, au msichana wa riwaya za karne ya 19 akidanganywa kisha akaachwa, bado ni ruin. Sisi tungesema mchuzi umeharibika, sherehe imevurugika, mtu amefilisika, binti ameharibiwa. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuporomoka, na mporomoko huo unasikika kila linapotumika: kitu kilikuwa juu, sasa kiko chini. Likitiwa wingi, hata hivyo, neno linageuka tabia. Ruins ni kuta za zamani zenye majani na kivuli, mahali pa kulipia tiketi na kupiga picha. Neno la hasara limekuwa neno la matembezi, na safari hiyo ina historia yake.

Kuna shairi la Kiingereza cha kale, limo katika mswada wa Exeter wa karne ya 10, ambalo wataalamu wamelipa jina The Ruin. Mshairi anatazama kuta za mawe zilizoachwa na Warumi, pengine katika mji wa Bath. Watu wake yeye walijenga kwa mbao, kwa hiyo anasema mawe yale ni kazi ya majitu. Msomaji wa pwani atalitambua wazo hilo mara moja, maana kwetu pia kuta ambazo mjenzi wake amesahaulika zimekuwa zikiambiwa ni za Wadebuli, watu wa masimulizi waliokuja, wakajenga, wakaondoka.

Lakini aliyewapa Waingereza ruins kwa wingi ni mfalme wao. Kati ya 1536 na 1540 Henry VIII alizifunga nyumba za watawa. Risasi ya mapaa iling'olewa ikayeyushwa, na mvua ikafanya kazi iliyobaki. Miaka mia mbili baadaye watu wakaanza kwenda kuyatazama mabaki hayo kwa raha. Abasia ya Tintern, kando ya mto Wye, ikawa mahali pa kufikia kwa mashua, na daftari la kuchorea mkononi. William Gilpin, kasisi aliyechapisha maelezo ya safari hiyo mwaka 1782, aliona ncha za kuta zimenyooka mno, akashauri kwamba nyundo ikitumiwa kwa busara ingeweza kuzipendezesha. Na huko Hagley, katika miaka ya 1740, bwana mwenye bustani alijengewa ngome mpya kabisa, iliyobomoka tangu siku ya kwanza.

Sisemi haya kwa dharau. Mapenzi hayo ya mawe yaliyoanguka yalichangia kuzaa sheria ya Uingereza ya kulinda majengo ya kale ya 1882, na mkondo huohuo ulifika Tanganyika kwa sheria ya 1937, ukapokelewa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 baada ya uhuru. Bila mkondo huo, sehemu kubwa ya mawe ya Kisiwani ingekuwa imekwisha chomwa ikawa chokaa ya nyumba nyingine. Ninachosema ni kwamba jicho la Tintern lina sharti moja: mwenye nyumba asiwepo. Anayetazama anataka ukimya, na ukimya huo hauji mpaka watawa wawe wamekwisha fukuzwa.

Waarabu nao walisimama mbele ya mabaki, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Gilpin, na hawakuwa na kuta za kutazama. Atlal za washairi wa kabla ya Uislamu ni alama za kambi iliyohama: majivu, mafiga yaliyoungua, mfereji mdogo uliochimbwa kuzunguka hema ili maji ya mvua yasiingie, na samadi iliyokauka. Msafiri anasimamisha ngamia na kuwaomba wenzake wasimame naye, kwa sababu kabila la mpenzi wake lilipiga hema hapo na sasa limekwenda malisho mengine. Imru' al-Qays alianza hivyo qasida yake mashuhuri, na kwa karne nyingi mshairi aliyetaka kuheshimiwa alianza hivyo pia, hadi Abu Nuwas wa Baghdad alipowasuta watu wa mjini wanaolilia majivu ya jangwani. Mkondo wenyewe haukukatika. Mwaka 1966 Umm Kulthum aliimba Al-Atlal, maneno ya Ibrahim Nagi na muziki wa Riyad al-Sunbati, na wapenzi wa taarabu wa pwani yetu, waliokuwa wakitega redio kuisikiliza Kairo, hawakuhitaji kuelezwa kwamba kilichoachwa ukiwa katika wimbo ule ni mapenzi.

Hapo ndipo tofauti na Tintern inapokuwa kubwa. Mwarabu wa qasida haangalii kilichoporomoka, kwa kuwa hakuna kilichoporomoka. Hema lilikunjwa likabebwa. Anamwangalia aliyeondoka, tena anamjua kwa jina.

Kiswahili kina gofu. Gofu ni nyumba iliyobaki kuta: paa limekwenda, na wenyewe wamekwenda. Linaweza kusimama wima miaka mia tano bila kuanguka na likabaki gofu. Ndiyo maana neno hilo lilihamia kwa binadamu kwa urahisi. Mtu aliyekondeshwa na maradhi tunamwita gofu la mtu, yaani kiunzi kipo na kilichokuwa kikikijaza kimetoka. Mwingereza akimwita mtu ruin anafikiria anguko lake, mali au heshima iliyopotea. Mswahili anafikiria utupu.

Gofu kubwa kuliko yote katika fasihi yetu ni Pate, ndani ya Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, utenzi wa karibu na mwanzo wa karne ya 19. Mshairi anazungumza na moyo wake mwenyewe. Anaukaripia kwa kuipenda dunia, kisha anauonyesha majumba ya matajiri wa Pate: kumbi zimekaliwa na popo na bundi, na vidaka vilivyokuwa vikipangwa sahani sasa wanalala humo makinda ya ndege. Nimelisoma fungu hilo mara nyingi na kila mara ninakwama kwenye vidaka. Yeyote aliyeingia nyumba ya kale ya pwani anajua kidaka ni nini, kile kijidirisha kisichotoboka ukutani ambamo mama mwenye nyumba aliweka vyombo vyake vizuri ili mgeni avione. Mshairi hakusema kuta zimeanguka. Kidaka kipo mahali pake, kimebadilisha mpangaji tu. Naye hachori kwa mbali kama wasafiri wa Wye. Mji ni wa kwao, na anaowauliza wako wapi ni watu ambao ukoo wake uliishi nao. Anatazama kama Qurani inavyowaelekeza waumini watembee katika nchi na kutazama ulikuwaje mwisho wa waliotangulia. Gofu lina kazi ya kumwandaa anayelitazama kwa kaburi lake.

Kiswahili kina neno la pili pia, na kwa mkulima wa mkoa wa Lindi liko karibu kuliko gofu. Neno hilo ni hame, kwa wingi mahame, mahali palipohamwa. Kati ya 1973 na 1976, wakati wa Operesheni Vijiji, watu wengi wa kusini walitolewa kwenye makazi yao yaliyotawanyika na kupelekwa kwenye vijiji vilivyopangwa, vingi kandokando ya barabara. Nyumba walizoacha zilikuwa za miti na udongo, zimeezekwa kwa makuti au nyasi. Mvua za miaka michache zilitosha kuzirudisha ardhini. Ukipita leo kwenye hame kama hilo huoni ukuta hata mmoja. Unaona mwembe mkubwa pasipo na nyumba, minazi iliyopandwa kwa mpangilio ambao pori halipangi, mkorosho uliozeeka, shimo la kisima lililozibwa na majani, na makaburi. Wazee wanajua nani alikaa upande gani wa mwembe. Msimu wa korosho watu wanarudi kuokota, na siku nyingine wanarudi kufyeka makaburi na kusoma dua. Hapa hakuna ruin. Mpenda Tintern angepita bila kugeuza shingo, na mshairi wa atlal angesimama, kwa sababu mafiga yake na mwembe wetu vinasema kitu kimoja.

Kwa hiyo neno la Kiingereza lina upendeleo wa jiwe. Asiyejenga kwa jiwe haachi ruin, na asiyeacha ruin ni rahisi kuhesabiwa kana kwamba hakuwapo. Hili si shtaka la kinadharia. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akauita mji mmojawapo wa miji mizuri sana, na katika maandishi yaliyotufikia anasema nyumba zake zilikuwa za mbao. Watu wamejaribu kueleza kauli hiyo kwa njia nyingi, maana alifika wakati Msikiti Mkuu wa mawe ulikuwa umekwisha kutanuliwa. Mimi naiona kauli ya kawaida. Watu wengi wa mji mkubwa wa Waswahili wa karne ya 14 walilala ndani ya nyumba za miti, udongo na makuti, kama walivyolala babu zetu wa juzi, na msafiri aliyepita mitaani aliona zile zilizokuwa nyingi.

Sasa tuvuke maji tuyapime maneno haya mahali penyewe. Kutoka Masoko mashua haichukui muda kufika, na jengo la kwanza unaloliona ni Gereza. Wareno walijenga ngome hapa mwaka 1505, wakaiacha 1512. Kuta nyingi zinazoonekana sasa ni za zama za Waomani, karibu na mwaka 1800, na upande wa baharini mawimbi yamekwisha umega.

Nyuma yake uko Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kaskazini ni ya karne ya 11 na 12. Mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye Ibn Battuta alimkuta akiitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake, aliutanua mara kadhaa ya ukubwa wa kwanza na kuufunika kwa kuba. Nguzo zake zilichongwa kutoka jiwe zima la matumbawe, na hazikuumudu uzito. Msikiti ulianguka. Habari za kale za Kilwa zinasimulia kwamba watu waliendelea kusali hapo chini ya mahema na vibanda, hadi ulipojengwa upya katika karne ya 15 na kupata nguzo za pembe nane tunazozipita leo. Nalipenda simulizi hili kuliko yote ya Kisiwani. Kwa maana ya Kiingereza msikiti ule ulikuwa ruin kamili, umeporomoka. Kwa maana ya Kiswahili haukuwahi kuwa gofu siku hizo, kwa kuwa haukuwa mtupu. Ijumaa ilifika, watu wakatandika mikeka.

Mwendo wa mguu kuelekea mashariki, juu ya jabali linalotazama bahari, ndiko iliko Husuni Kubwa. Sultani yuleyule ndiye anayetajwa kuwa mjenzi. Ina vyumba zaidi ya mia moja, nyua zinazoshuka kwa ngazi, na birika la pembe nane ambalo kila mgeni huombwa apige picha kando yake. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1960, alionyesha kwamba jumba hilo halikumalizwa, na halikukaliwa kwa muda mrefu. Kumbe hakuna aliyelibomoa, na wala gofu si jina lake sahihi. Kiswahili cha Tanzania kina neno la jengo lililoanzwa kwa nguvu likaachwa njiani, na kila mtaa unalo moja: pagale. Ukisema ruins mbele ya Husuni Kubwa, unahuzunika na kuondoka. Ukisema pagale, unauliza papo hapo fedha ziliishia wapi. Swali hilo la jirani wa mtaani ndilo swali lenyewe la historia ya Kilwa, maana kilichojenga kuta zile ni dhahabu iliyopitia Sofala, na huenda mkondo wa dhahabu ulipopungua katika karne ya 14 hata sultani alishindwa kumaliza nyumba yake.

Magharibi ya msikiti kuna Makutani, jumba la kuta ndefu. Hapa sipendi macho ya Gilpin hata kidogo. Kuta hizi ni za kipindi cha mwisho cha usultani, karne ya 18, na tarehe 14 Septemba 1776 sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na Mfaransa Jean-Vincent Morice wa kumuuzia watu 1,000 kila mwaka wapelekwe utumwani. Kivuli cha mibuyu ni kizuri, na mawe yana rangi nzuri jua likiinama. Mgeni aambiwe pia kwamba fahari ya mwisho ya mji huu ililipiwa kwa watu waliotembezwa kutoka bara hadi ufukweni.

Sarufi yetu inasaidia hapa kwa njia ambayo nomino ya Kiingereza haisaidii. Ruin haisemi nani alifanya. Kiswahili kinakulazimisha uchague: jengo limebomoka, limebomolewa, au limehamwa. Nguzo za al-Hasan zilibomoka zenyewe kwa uzito. Mji ulivamiwa na kuporwa Julai 1505 na watu wa Mreno Francisco de Almeida, na hapo kitenzi lazima kiwe cha kutendwa na mtendaji atajwe. Songo Mnara ilikaliwa tangu mwishoni mwa karne ya 14 hadi karne ya 16, kisha ikahamwa. Mambo matatu tofauti yametiwa ndani ya neno moja kwenye jina la 1981, na mtoto wa shule anayelisoma anatoka na wazo kwamba mji ulikufa kwa namna moja, kama mti mkavu.

Hata swali la nani aliondoka limebadilika. Kwa muda mrefu kuta hizi zilielezwa kuwa za wageni, Washirazi au Waarabu waliojenga wakatoweka, na Wadebuli wa masimulizi wakakaa vizuri ndani ya maelezo hayo. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani, zikiwamo Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Zaidi ya nusu ya asili ya wengi wao ilikuwa ya Kiafrika, hasa upande wa mama, na sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Uajemi upande wa baba, mchanganyiko ulioanza yapata mwaka 1000. Simulizi la Washirazi halikuwa uongo, na simulizi la wageni waliotoweka halisimami.

Na Kisiwani si hame. Hili ndilo jambo ambalo jina la 1981 haliligusi kabisa. Kuna kijiji. Watu wanavua, wanalima, wanajenga nyumba za miti na udongo katika ardhi ileile ambayo ramani ya urithi inaiita eneo la magofu. Makaburi ya Masheikh Arobaini si mabaki kwao. Ni mahali pa ziara na dua. Mapokeo ya Tintern hayana nafasi ya mtu huyu. Akifuga mbuzi karibu na ukuta anaonekana ni tatizo la uhifadhi, na akiomba dua kaburini anaonekana ni pambo la matembezi. Kwa maneno ya kwetu yeye ndiye ushahidi kwamba mji umepungua, umebadilika, haujatupwa.

Mwaka 2004 eneo hili liliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya bahari inayokula ufukwe, mvua, na mizizi inayopasua kuta. Mwaka 2014 liliondolewa humo baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Nani aliifanya kazi hiyo kwa mikono? Mafundi, wakiwamo wenyeji. Ukuta wa matumbawe hauponywi kwa saruji, kwa sababu saruji ni ngumu kuliko jiwe na inafungia unyevu ndani, na baada ya miaka michache plasta inabanduka na uso wa jiwe. Unaponywa kwa chokaa, na chokaa inachomwa kwa utaratibu ambao pwani imeujua karne nyingi. Magogo yanapangwa kwa duara hadi yafike kimo cha kifua, matumbawe yanarundikwa juu, moto unatiwa katikati na kuachwa uwake usiku kucha. Asubuhi mawe meupe yanamwagiwa maji, yanapasuka na kutoa mvuke, yanaachwa yalale, kisha yanachekechwa. Ufukweni ikapandwa mikoko kuvunja nguvu ya mawimbi. Fundi anayejua kuchanganya chokaa hiyo na mchanga kwa kuangalia tu inavyoshika mwiko anafanya kazi ambayo mjenzi wa al-Hasan angeitambua. Ujuzi huo haujaporomoka, lakini haumo katika neno ruins, na kwa hiyo ni rahisi mradi ukiisha fundi akarudi kwenye uvuvi na kijana wake asijifunze.

Songo Mnara inaonyesha kinachopatikana jicho likibadilika. Kwa muda mrefu kilichotazamwa pale ni zile nyumba za mawe zipatazo 40, misikiti na ukuta wa mji. Kuanzia mwaka 2009 Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, pamoja na wenzao, wakauchimba pia uwanja ulio katikati, mahali palipoonekana tupu. Hapakuwa tupu. Kulikuwa na mabaki ya nyumba za udongo, na makaburi ambayo watu wa wakati ule waliyarudia mara kwa mara na kuacha juu yake sarafu na vijiwe vyeupe. Mji wa miti na udongo, mji wa Ibn Battuta, ulikuwa umekaa katikati ya mji wa mawe muda wote, na kilichouficha ni kwamba haukuacha gofu. Wachimbaji walipoanza kuutafuta kama mtu anavyotafuta hame, kwa udongo uliokanyagwa na kwa alama za waliorudi kuzuru, ulionekana.

Nikirudi bara, wasiwasi wangu mkubwa uko Kilwa Kivinje. Haimo katika jina la 1981. Ni mji wa karne ya 19, mji wa misafara ya watumwa na pembe, kisha boma la Wajerumani, na mti ambao Wajerumani waliwanyongea watu wakati wa Vita vya Maji Maji bado ni sehemu ya kumbukumbu za mji. Shughuli za serikali zilihamia Masoko. Ukipita barabara ya kuelekea ufukweni unaziona nyumba za ghorofa za wafanyabiashara, mlango wa nakshi hapa, boriti ya mkoko imechungulia pale, bati limepeperushwa na halijarudishwa. Nyingine zinakaliwa chini na zimeachwa juu. Hizi zimesimama katikati ya maneno yote niliyoyataja: bado si gofu, kwa kuwa zina watu, si hame, kwa kuwa mji una soko na msikiti na shule, lakini kila masika yanazisogeza. Zikimaliza kuanguka zitapendeza, zitaandikwa katika vitabu, na pengine zitatafutiwa fedha. Sasa hivi zinahitaji paa. Nyumba ya matumbawe na chokaa inakufa kuanzia juu: maji yakiingia kichwani mwa ukuta, chokaa inaoshwa, boriti zinaoza, sakafu ya ghorofa inashuka. Mabati na misumari, na mafundi wa chokaa wanaopatikana safari fupi kutoka hapo, vinaweza kuzuia hayo, iwapo halmashauri na wenye nyumba watakubaliana nani alipe nini kabla mvua za Machi hazijaanza.